Mambo ya Kuzingatia Kabla Mvua Hazijajaza Lambo

Wengi wakienda kukagua lambo husimama juu ya tuta, wakatazama maji, wakapiga picha, wakarudi nyumbani wameridhika. Upande wa maji hauna mengi ya kukuambia. Shuka upande wa nyuma, mpaka kwenye kitako cha tuta, na uvue viatu ili miguu ikuonyeshe palipolowana. Nitaeleza kwa nini, ila tuanze na mepesi.

Fyeka vichaka vyote juu ya tuta, bakiza nyasi fupi. Usipande miti pale, hata kwa kivuli. Mizizi ikifa na kuoza huacha vijia, na maji huvifuata. Mashimo ya fuko na mchwa yachimbue mpaka mwisho wake, yajaze mfinyanzi wenye unyevu, shindilia. Mifugo isivuke juu ya tuta.

Mgongo wa tuta upime kwa mpira wa maji wa mafundi, usikisie kwa jicho. Tuta jipya huzama kadiri linavyokaa, na mara nyingi huzama zaidi katikati, pale lilipo refu kuliko kwingine. Kutoka sakafu ya utoro, yaani ile njia ya maji yaliyozidi, hadi mgongo wa tuta iwepo walau mita 1. Ukikuta pungufu, ongeza udongo sasa, si mvua ikishaanza. Tuta la udongo maji yakilipita juu hulikata kama panga.

Kwa hiyo utoro usiguswe. Kila mahali yupo mtu mmoja mwerevu anayepanga magunia ya mchanga pale ili lambo lishike maji mengi zaidi. Mwingine nilimkuta ametandaza wavu wa samaki, majani yamenasa, utoro umeziba wote, naye ananieleza kwamba samaki walikuwa wanatoroka. Toa vyote, hata kama mwenyewe atanuna.

Nyufa: ule unaokwenda sambamba na tuta ni wa kufuatilia, ule unaolikatiza tuta kutoka upande wa maji kwenda nyuma ni wa kushughulikia leo.

Sasa maji yanayovuja. Hapa ndipo yalipotukuta.

Lambo letu lilikuwa na bomba la kutolea maji, limepita chini ya tuta. Kiangazi kizima nyasi za pale bomba linapotokea zilibaki kijani. Tukafurahi, ndama wakawa wanafungwa hapo. Mimi nilikuwa kwenye kamati, na niliwaambia watu kwamba tuta lolote la udongo huvuja kidogo. Ni kweli, na ukweli huo ndio uliotulaza. Maji yalikuwa maangavu, unaona mchanga chini yake. Mvua zikaja, lambo likajaa, na asubuhi moja yale maji yakatoka mazito, rangi ileile ya tuta.

Fundi tuliyemwita akasema tuzibe. Tukaziba kwa udongo na saruji. Jioni pakakauka, tukapongezana. Siku ya tatu mgongo wa tuta, sawasawa na juu ya bomba, ukabonyea shimo la upana wa beseni. Nilichomeka fimbo, ikazama yote bila kugusa chini. Kumbe maji yalikuwa yanakula udongo kandokando ya bomba, mahali ambapo wajenzi hawakushindilia vizuri kwa sababu chini ya mviringo wa bomba hapafikiki kirahisi. Sisi tuliyafungia mlango, yakajitafutia mwingine. Saa tisa alasiri tuta likapasuka. Hakufa mtu, kwa kuwa ilikuwa mchana na watu wa bondeni walikwisha kuondoka. Bustani zao zikabaki mawe matupu.

Basi beba chupa ya kioo. Kinga maji yanayovuja, iache usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi ukikuta utando wa udongo chini, hilo ndilo tuta lako linalotoka kidogokidogo. Pima na wingi pia: ndoo ya lita 10 inajaa kwa muda gani, na siku hiyo kimo cha maji lamboni ni kipi. Andika kwenye daftari. Kimo kikiwa kilekile lakini ndoo inajaa upesi kuliko wiki iliyopita, usingoje tope.

Na msizibe. Mwageni mchanga safi wa chengachenga pale yanapotokea, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Hiyo ni ya kushikilia hali tu mpaka mhandisi afike. Wakati huohuo punguzeni maji lamboni na waambieni walioko chini wahame. Msidhani mna siku nyingi. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, refu kuliko lambo lolote la kijiji, lilionekana kutoa maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka.

Mkitaka udongo wa kukarabatia, tumbukiza kibonge kikavu, kidogo kama ncha ya kidole, ndani ya glasi ya maji ya mvua. Kikibomoka vipande si hoja. Likitanda wingu jeupe lisilotulia, udongo huo uache ulipo: huyeyuka wenyewe hata kwenye maji yaliyosimama.

Mwisho tembea kufuata bonde, kilomita kadhaa, uhesabu nyumba. Wahandisi hupanga daraja la hatari kwa kuangalia kilichoko chini ya tuta, kwa hiyo lambo dogo juu ya nyumba ishirini ni zito kuliko kubwa lililo juu ya pori. Huko Solai, Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shambani lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Usiku hakuna anayeona rangi ya maji. Mkubaliane mapema nani atapiga filimbi, nani ana namba za simu za watu wa bondeni, wazee watabebwa na nani, na watoto wasiogelee karibu na bomba, na ile chupa isitumike kuwekea mafuta ya taa.