Somo: Hesabu dakika 40 za kipindi chako cha michezo kabla ya kuandika utafiti

Habari za majukumu, walimu wenzangu. Kila ukifika msimu wa tafiti za mwisho wa chuo, vijana wa elimu ya viungo hunipigia simu, na kichwa cha utafiti ni kilekile, kimebadilishwa wilaya tu: "Changamoto zinazokabili ufundishaji wa michezo katika shule za..." Hojaji zinasambazwa, majibu yanarudi: viwanja havitoshi, vifaa hakuna, wazazi hawaoni umuhimu. Hayo hata muuza maandazi wa getini anayajua. Asichokuambia mtu ni hiki: mtoto wa darasa la tano alifanya nini hasa Jumatano kati ya saa 4:20 na saa 5:00? Alikimbia, au alisimama kwenye mstari akichuma majani?

Tupige hesabu kwanza. Wanafunzi 48, shimo moja la mchanga, mstari mmoja, mada ni kuruka chini. Mtoto anakimbia, anaruka, anatoka shimoni, mwingine anaanza: tuseme sekunde 12. Ukitoa kupasha misuli na maelezo, zimebaki dakika 25, yaani sekunde 1,500, yaani miruko 125. Gawa kwa 48. Kila mtoto ameruka mara mbili, 29 kati yao mara tatu. Muda uliobaki wote alikuwa anatazama kisogo cha mwenzake. Wewe mwalimu umepiga filimbi mpaka koo limekauka, jasho linakutoka, unaamini kipindi kilikuwa cha moto. Mimi nilikuwa mwalimu huyo miaka mingi tu.

Hatua ya 1: Swali liwe la kuhesabika

Achana na "changamoto". Uliza hivi: katika kipindi cha dakika 40, mwanafunzi anakuwa kwenye mwendo kwa sehemu gani ya muda? Au: wasichana na wavulana wanagusa mpira mara ngapi? Swali likikulazimu kwenda uwanjani na kalamu, ni zuri. Likijibika ukiwa umekaa ofisini, lirudishe ulikolitoa.

Hatua ya 2: Ruhusa

Hapa Tanzania, mwanachuo anaanza na barua ya chuo, kisha ofisi za mkoa na halmashauri, ndipo mkuu wa shule. Mwalimu anayechunguza darasa lake mwenyewe aongee na mkuu wake na wazazi wajulishwe. Usiandike majina ya watoto, tumia namba. Na picha za watoto zisiingie kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kama zimetoka vizuri.

Hatua ya 3: Karatasi ya kuhesabia

Hapa ndipo penye kazi, tuende taratibu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, McKenzie, Sallis na Nader, walichapisha mfumo wa kuangalia vipindi vya elimu ya viungo unaoitwa kwa kifupi SOFIT. Mpaka leo unatumika kwa sababu ni rahisi. Mtoto anapewa namba moja kati ya tano:

1 – amelala
2 – ameketi
3 – amesimama
4 – anatembea
5 – anatumia nguvu kuliko kutembea: anakimbia, anaruka, anavutana

Chagua watoto wanne kabla kipindi hakijaanza, wavulana wawili na wasichana wawili. Usichague kwa macho, maana jicho la mwalimu wa michezo linamkimbilia mwenye kipaji. Wanapoingia uwanjani, chukua wa 5, wa 10, na kuendelea hivyo mpaka watimie. Wasijue wanaangaliwa.

Mtazame mtoto wa kwanza sekunde 10. Ikigonga sekunde ya kumi, anachofanya wakati huohuo ndiyo namba yake. Sekunde 10 zinazofuata unaandika. Unarudia kwa dakika 4, ambazo ni alama 12, kisha unahamia kwa wa pili. Ukimaliza wanne, unaanza upya. Kipindi cha dakika 40 kinakupa alama 120.

Usihangaike na saa. Jirekodi kwenye simu ukisema "tazama... andika... tazama... andika" kila baada ya sekunde 10, vaa kisikilizi sikio moja, basi. Siku ya kwanza utachanganyikiwa, utaandika 3 mahali pa 4. Fanya mazoezi vipindi viwili vya majaribio, ambavyo hutavihesabu, kabla ya kuanza rasmi.

Pembeni ya kila namba weka herufi ya kilichokuwa kinaendelea: U kwa usimamizi (kuita majina, kupanga mistari, kugawa mipira), M kwa maelezo, V kwa mazoezi ya viungo, S kwa stadi, C kwa mchezo wenyewe. Herufi hizi ndizo zitakazokuonyesha muda umeliwa na nani. Wengi tunadhani unaliwa na maelezo. Subiri uone U.

Mwishoni hesabu tali (alama) za 4 na 5, gawa kwa 120, zidisha kwa 100. Kipimo kinachotumika sana katika tafiti hizi ni kwamba angalau nusu ya kipindi, asilimia 50, mtoto awe kwenye mwendo. Ukipata tali 30, uko kwenye asilimia 25. Usilie, ndiyo maana umepima. Kumbuka pia Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali. Hata kipindi kizuri sana hakizimalizi, ila kinachangia.

Hatua ya 4: Jicho la pili

Mwombe mwalimu mwenzako aangalie watoto walewale, kwa sauti ileile ya simu, bila kuchunguliana. Kati ya alama 60 mkikubaliana 51, makubaliano ni asilimia 85. Chini ya 80 rudini mkae, mkubaliane upya: mtoto anayerukaruka papo hapo kwenye mstari ni 3 au 5? (Ni 5. Tulibishana sana juu ya huyo.)

Hatua ya 5: Pima, badili kitu kimoja, pima tena

Pima vipindi kadhaa kabla hujabadili chochote, maana siku ya kwanza watoto wakiona mgeni na karatasi wanachangamka kama kuku walioona mtama. Kisha badili kitu kimoja tu. Kwa mfano wetu wa kuruka chini: vunja mstari mmoja kuwa makundi 6 ya watoto 8, kila kundi na kamba mbili zimelazwa kwenye nyasi kama "mto" wa kuvuka. Kwa dakika zilezile 25 kila mtoto anapata miruko 15 badala ya miwili. Huhitaji shimo jipya. Shimo watalizungukia kwa zamu.

Tahadhari moja: kukimbia si kujifunza. Darasa linaweza kupata asilimia 70 kwa kufukuza mpira kama nyuki, na asitoke hata mmoja anayejua lini atoe pasi. David Bunker na Rod Thorpe wa Loughborough, Uingereza, waliandika mwaka 1982 kwamba mtoto aanze na mchezo mdogo unaomlazimu kufikiri, stadi zifuate. Kwa hiyo, ukiweza, hesabu pia maamuzi: pasi kwa aliye wazi, pasi kwa aliyekabwa.

Kwa makocha wa timu ya shule

Ninyi mjihesabu midomo. Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa jukwaani msimu wa 1974/75 wakimwangalia John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa UCLA, mazoezi 15. Waliandika vitendo vyake 2,326 vya kufundisha. Karibu robo tatu vilibeba maelekezo ya namna ya kufanya jambo. Sifa tupu na karipio tupu vilikuwa kidogo sana. Sasa weka simu mfukoni siku ya mazoezi ya UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania), jirekodi, usiku usikilize. Hesabu "kazaneni!", hesabu "wewe vipi?", halafu hesabu mara ngapi ulimwambia mtoto mguu wa kushoto uwe wapi anapopiga. Mimi niliizima yangu kabla haijaisha.

MASWALI YA WADAU

Mwalimu wa msingi, Kigoma: Shikamoo mwalimu. Darasa langu lina watoto 90 na niko peke yangu. Nitafundisha saa ngapi na kuandika saa ngapi?

Marahaba mwanangu. Huwezi vyote, usijaribu. Tumia njia ya kupekua uwanja: kila baada ya dakika 2 simu ilie, pitisha macho kushoto kwenda kulia kwa sekunde 10, hesabu walio kwenye mwendo, andika namba moja tu. Au mpe karatasi yule aliyeleta cheti cha daktari, anayekaa chini ya mwembe kila wiki. Mfundishe mara moja, utashangaa anavyokuwa makini.

Mwanachuo wa shahada ya kwanza: Msimamizi wangu anataka wahojiwa wasiopungua 100. Naweza kumwambia nina alama 120?

Hapana, atakushika hapohapo na atakuwa na haki. Alama 120 za kipindi kimoja si watu 120. Ni kipindi kimoja. Kipimo chako ni idadi ya vipindi, kwa hiyo panga vipindi vingi na walimu tofauti. Mpelekee mzee wako pendekezo la vyote viwili: hojaji kwa walimu ("wanafunzi wako wako kwenye mwendo muda gani?") na hesabu ya uwanjani. Pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo utafiti wenyewe.

Mwalimu wa sekondari, Lindi: Kaka, kwangu wastani ni asilimia 46, lakini wasichana wanasimama pembeni na sketi zao. Nafanyaje?

Wastani umewaficha, ndugu yangu. Tenganisha tali zao na za wavulana, uone. Kisha waulize wenyewe, tena kupitia matroni, maana sababu nyingine hawatamwambia mwalimu wa kiume. Rede ni mlango mzuri, ila angalia: wawili wanarusha, mmoja yuko kati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, na wengine 20 wanasubiri. Chora viwanja vitano vya rede.

Mwalimu, Mombasa: Salamu kutoka huku. Ruhusa kwetu inapitia wapi?

Salamu zimefika. Kwenu Kenya utafiti wa chuo unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kisha unajitambulisha kwa ofisi za elimu za kaunti kabla ya kugonga mlango wa shule.

Mwalimu wa msingi, Singida: Mkuu, mimi hata hiyo asilimia siwezi kuipata. Kipindi cha michezo kinaliwa na hisabati za darasa la saba au usafi wa mazingira.

Basi utafiti wako unaanzia hapo. Chukua ratiba ya muhula, chora jedwali la safu tatu: tarehe, kilifundishwa au hakikufundishwa, kilichokila. Jaza kila wiki, siku hiyohiyo, usisubiri kumbukumbu. Mtihani, usafi, mgeni wa wilaya, mvua, mwalimu mwenyewe kuchoka. Naam, na hiyo iandike.