Ree mbili na jamaa wa fujo

Wazee wa poka hapa Kampala, ukishika ree mbili (zile karata za A) na mezani kuna yule jamaa wa kureizi (kupandisha dau) kila mkono kama anakimbizwa, usijifiche. Akiweka 10,000 we panda 30,000 hapohapo, maana ree mbili dhidi ya mtu mmoja zinashinda kama mara 85 kwa 100, ila ukiacha wanne waingie kwa bei chee inashuka hadi 56 hivi, na mwenye 7 na 8 anakuliza (yamenikuta, nilikaa kimya nikijiona mjanja). Mkibaki wawili ndo umwache ablafu (ajifanye ana karata kali), we kolu tu (lipa dau lake bila kupandisha), hii siyo ule mchezo wa karata wa matatu wa steji ya boda eti unakimbilia kumaliza karata. Ila mezani zikilala kopa nne na ree zako zote nyeusi, aisee, tupa.