Kabla ya kuogelea Jambiani, utazame mwezi

Wageni hunicheka nikiwaambia saa ya kuogelea naisoma kwenye mwezi. Lakini huku mashariki ya Unguja, bahari ya saa nne asubuhi leo siyo utakayoikuta wiki ijayo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Saa nne asubuhi yamepwa, kina mama wa mwani wanatembea kwa miguu. Kila siku wakati husogea kama dakika 50. Baada ya wiki hivi huja maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo umelegea. Anayejifunza aanze siku hizo.

Mimi huingia maji yakiwa bado yanajaa, nikatoka kabla hayajageuka. Sababu ni mlango, ule upenyo wa mwamba wanaopita wavuvi. Maji yakitoka, hukimbilia hapo. Mwaka niliojifunza, nikiwa na miaka 34, nilijiona hodari nikausogelea yakipwa. Napiga mikono kurudi nyumbani, minazi haisogei! Dumu tupu nililojifunga kiunoni ndilo lililonisitiri: nikalikumbatia, nikalala chali mpaka pumzi ikarudi, kisha nikakata upande, sambamba na ufuo, hadi mvuto ukaniachia. Ningeshindana nao ningechoka bure.

Dumu lenyewe ni la mafuta ya kupikia, la njano, lita 5, tupu, kifuniko kimekazwa, kamba yake pima moja hadi kiunoni. Fundo lifunguke kwa mkono mmoja. Na kwa rangi hiyo wenye mashua watakuona kwa mbali.

Shoga zangu, dera na khanga viacheni mchangani. Vikilowa huzonga miguu. Mimi huvaa taiti na fulana ndefu ya kubana, ushungi nimeuchomeka ndani. Kwapani na shingoni mafuta ya nazi, maana chumvi na mshono vikishirikiana, usiku hulali.

Yeboyebo huchomoka, vaa viatu vya mpira vinavyoshika kisigino. Unapotembea majini burura nyayo, samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie aondoke. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha hospitali. Konyeza, yule kiumbe wa baharini laini kama jeli, akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari hayohayo. Usisugue mchanga wala usitie maji ya bomba.

Msimu wa upepo wa kusi, ukiona povu hadi ndani ya mwamba, rudi ukapike. Na usidanganywe na joto la maji: ukikaa muda mrefu mwili hupoa, midomo ikianza kutetemeka toka. Chai ya tangawizi iwe tayari kwenye chupa, na wa kuimimina awe ameketi ufukweni akikutazama wewe, siyo simu. Wangu ni wifi yangu. Kuogelea hajui, lakini akiniita, sauti inafika mlangoni.