Kuhama kutoka Windows kwenda Linux kwa awamu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Mwenye kompyuta mpakato ya mtumba iliyoundwa mwaka 2015 anabaki ama kununua nyingine, ama kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Wengi wanaochagua Linux huiacha mapema wakiwa wamekasirika, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba hubadilisha kila kitu siku moja: mfumo, programu, mahali pa mafaili na mazoea ya mikono. Ni afadhali kuhama kwa awamu.

Katika awamu ya kwanza usiuguse mfumo kabisa. Ukiwa bado ndani ya Windows, weka LibreOffice kwa ajili ya nyaraka na hesabu, Firefox kwa intaneti, Thunderbird kwa barua pepe na VLC kwa video, kisha uzitumie kwa kazi zako halisi kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Zote zinapatikana pia kwenye Linux, hivyo siku ya kuhama utakuta vyombo vya kazi ni vile vile ulivyokwisha kuvizoea. LibreOffice isionekane ngeni kwetu: imetokana na OpenOffice, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitolea toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Mwezi huo ndio utakaokuonyesha yasiyowezekana. Daftari la hesabu la Excel lililojaa makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha zenyewe, huenda lisifanye kazi, na Photoshop haina toleo la Linux. Ikiwa riziki yako inategemea programu ya namna hiyo, usijilazimishe; bakiza Windows kwa kazi hiyo.

Tatizo litakalokusumbua zaidi utakapofungua nyaraka zako ndani ya Linux ni la fonti. Wasifu wa kazi uliopangwa vizuri katika kurasa mbili kwa fonti ya Calibri unaweza kufunguka ukiwa na kurasa tatu, na ukurasa wa tatu ukawa na majina ya wadhamini peke yake, kwa sababu kompyuta haina Calibri na imetumia fonti yenye herufi pana zaidi. Hakikisha una fonti ya Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri; Caladea huchukua nafasi ya Cambria, na Liberation Serif nafasi ya Times New Roman. Unapopeleka waraka kwa mwajiri au kwenye steshenari ili uchapishwe, peleka PDF, maana mpangilio wake haubadiliki.

Awamu ya pili ni kujaribu. Kwa anayetoka Windows napendekeza Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye sura ya Cinnamon, kwa kuwa menyu na upau wa chini vipo pale pale alipovizoea. Faili lake la kupakua linakaribia GB 3, kwa hiyo panga bando mapema. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus, ukijua kwamba vyote vilivyomo kwenye flashi hiyo vitafutwa. Zima kompyuta, kisha iwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi, uchague flashi. Mfumo utawaka bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Wi-Fi ikikataa, jambo ambalo hutokea hasa kwa chipu za Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB ili ikupe intaneti, na baada ya kuweka mfumo ufungue Driver Manager upate draiva inayokosekana, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa hicho.

Kabla ya kuweka mfumo, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, nakili ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, ikiwa diski yako imefungwa kwa njia hiyo, na ndani ya Power Options za Windows uzime Fast Startup. Isipozimwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux inaweza kukuruhusu kusoma tu mafaili ya upande wa Windows bila kuweza kuyabadilisha. Kisha washa tena kwa ile flashi, anza kuweka mfumo, na uchague kuiweka Linux kando ya Windows bila kuifuta Windows.

Siku za mwanzo zina vikwazo vyake. Ukiombwa nenosiri ndani ya teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, huenda hakuna kitakachoonekana unapoandika, hata nyota. Wengi hudhani kibodi imekufa. Andika lote, kisha bonyeza Enter. Hakuna diski C; kazi zako zimo ndani ya folda ya Home, na flashi huonekana pembeni mwa dirisha la mafaili. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Barua.odt na barua.odt ni mafaili mawili tofauti. Programu usizitafute kwenye tovuti kama ulivyozoea. Fungua Software Manager uzichukue humo, kwa kuwa mafaili ya .exe, yaani ya programu za Windows, hayafunguki yenyewe.

Kuna pia suala la saa. Ukirudi Windows baada ya kutumia Linux, unaweza kukuta saa iko nyuma kwa saa tatu. Betri haina kosa: Linux huiweka saa ya mashine kwa majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ilhali Windows huichukulia kuwa ya mahali ulipo, na Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Andika kwenye teminali timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo yote miwili itakubaliana.

Windows ibaki kwenye diski hadi umalize mzunguko mzima wa kazi zako ndani ya Linux, zikiwemo hesabu za mwisho wa mwezi, ritani za kodi na uchapishaji wa nyaraka ndefu. Ukiona hujairudia katika muda huo wote, ifute na uipe Linux nafasi yake.