Jumamosi jioni, anza na Injili

Ukiandaa masomo ya Dominika nyumbani, soma Injili kwanza, ndipo urudi somo la kwanza. Katika Kipindi cha Kawaida (majuma yasiyo ya Majilio, Noeli, Kwaresima wala Pasaka) somo hilo la Agano la Kale huchaguliwa ili lioane na Injili, basi tafuta panapogusana. Chukua Dominika ya 10 Mwaka C (mwaka wa tatu katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu): Eliya anamfufua mtoto wa mjane wa Sarepta, Yesu anamfufua kijana wa Naini, na sehemu zote mbili imeandikwa "akampa mama yake". Kaa hapo. Maneno hayo matatu ni sala tosha, hasa kwa mzazi anayeuguza mtoto. Somo la pili lisikuchanganye; lenyewe hufuata nyaraka za mitume wiki hadi wiki, kwa hiyo lisome mwishoni.