Kabla hujagusa umeme wa mashine ya geimu ya zamani

Watu wakishapata lile kabati la geimu la zamani, lile refu la kusimama na kutumbukiza sarafu, kitu cha kwanza wanataka kuliwasha waone. Usiliwashe. Hata kama aliyekuuzia kakuapia kwamba huko lilikotoka lilikuwa linapiga kazi, mana huko lilikotoka ndo swali lenyewe. La Uingereza halina shida sana, lilizoea volti 240, na Tanesco wanatupa 230 kwa hezi 50. Ila la Japani ni la volti 100 na la Marekani ni 120 kwa hezi 60, hayo ukiyachomeka hivihivi kwenye soketi ya Sinza utasikia mlio alafu harufu, na gharama zishaanza hata hujacheza.

Kwa hiyo plagi ikae nje, fungua mlango wa nyuma, chukua tochi usome. Kuna kibati au stika nyuma ya kabati, kuna maandishi kwenye transfoma, na mengine yameandikwa pembeni ya fyuzi. Kabati za kampuni ya Atari za mwanzoni mwa miaka ya 80 mara nyingi zina kiplagi kidogo kwenye transfoma cha kuchagulia volti, unakuta mtu kanunua transfoma ya nje bure wakati ya ndani inakubali 240. Vibanio vya transfoma vikiwa vimeandikwa 0, 100, 110, 220, 240 umebahatika, tafuta waya umekaa kwenye namba gani.

Ukimaliza kusoma, chora. Karatasi na peni tu, fuata waya kutoka kwenye plagi: kwa kawaida unaingia kwenye filta (kile kiboksi cha bati), unapita fyuzi, unakwenda swichi, alafu unagawanyika, mmoja kwenye skrini, mmoja pawasaplai, mmoja taa ya tyubu ya pale juu kwenye jina la geimu. Kabati nyingi zina swichi nyingine ya siri kwenye mlango wa nyuma, ukifungua mlango inakata umeme wote, ila swichi hiyo mara nyingi ukiivuta kwa nje inawasha tena hata mlango ukiwa wazi, iliwekwa hivyo makusudi kwa ajili ya fundi. Usiitegemee ikulinde. Kinachokulinda ni plagi iliyo mkononi mwako au pale sakafuni unapoiona. Piga picha kila kona kabla hujachomoa hata waya mmoja.

Sasa hapa kwenye rangi ndo pana hatari kuliko watu wanavyodhani. Mafundi wetu wa nyumba wamekulia kwenye nyekundu laivu (waya wenye moto), nyeusi neutro (wa kurudisha), kijani ethi (wa kwenda ardhini), na siku hizi kahawia, bluu na kijani-njano. Marekani nyeusi ndo laivu na nyeupe ndo neutro! Fundi mzuri tu, mzoefu, anaangalia ule waya mweusi anasema hii neutro hii, anaunga, mashine inawaka vizuri kabisa, kumbe fyuzi na swichi sasa vimekaa kwenye neutro. Maana yake ukizima, kila kitu ndani bado kina moto na wewe unaingiza mkono ukijua umezima. Usiamini rangi, weka mita kwenye mlio, gusa mguu wa plagi na ncha nyingine ya waya, ikilia ndo huo, bandika karatasi uandike.

Kingine ni skrini. Hii ni skrini ya chogo kama tivii zetu za zamani, na ile tyubu ya inchi 19 ya rangi inafanya kazi kwa volti elfu 20 na kitu, chaji inaweza kubaki humo muda mrefu baada ya kuzima. Kapasita kubwa ya kwenye bodi ya skrini nayo inabaki na volti 160 hivi kwa mashine za 120, na zaidi ya 300 kwa zile zinazokula 230 moja kwa moja. Fundi umeme wa nyumba hajui mambo haya, sio kosa lake, mtafute fundi redio wa zamani, yule aliyetengeneza tivii za chogo miaka hiyo, yeye ndo aitoe chaji na aguse bodi. Mimi naona kazi hii ni ya mafundi wawili, na kila mmoja abaki upande wake.

Na kabla hamjatoa kitu, muulizeni fundi redio swali moja: skrini hii ina transfoma yake ya kutenganisha au haina? Skrini nyingi za Marekani za miaka ya 70 na 80 bodi yake imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo mtengenezaji aliweka chini ya kabati transfoma nzito inayoingiza 120 na kutoa 120 ileile. Watu wanaiona wanasema hii haina kazi, mbona haipunguzi kitu, wanaing'oa. Kazi yake ni kutenganisha tu. Ukiitoa, umeme wa ukutani unapitia waya wa picha mpaka bodi ya geimu, bodi inakufa, na ukigusa chuma unaweza kufa wewe.

Ndo mana zile stepdauni za Kariakoo za 220 kwenda 110 uzielewe vizuri. Nyingi zina koili moja tu ndani, zinapunguza volti lakini hazitenganishi chochote. Ikiwa haijachomekwa, pima kwa mita kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea, ukipata omu chache jua ni koili moja. Bado unaweza kuitumia, ila ile transfoma nzito ya ndani ibaki palepale. Kabati zima kwa kawaida halifiki wati 200, lakini wati zilizoandikwa kwenye maboksi haya zina chumvi, chukua ya 500. Kwa mashine ya Japani tafuta ya kutoa 100 kamili, hiyo ya 110 siku umeme ukipanda itaitesa.

Ethi sasa. Kama umewahi kugusa mlango wa sarafu ukatekenywa vidole, ni ile filta: ina vikapasita vinavyomwaga umeme kidogo kwenye ethi, ethi ikikosekana yale machuma yote yanakaa na kama nusu ya volti za ukutani. Kabati la miguu miwili ya plagi, lile watu wanachomeka kwa kutegua soketi na kalamu, ndo halina ethi kabisa. Weka kebo ya nyuzi tatu, na ule wa kijani ufike kwenye mlango wa sarafu, fremu ya skrini, boksi la pawasaplai na paneli ya vitufe kama ni ya chuma. Ekstensheni nayo ifungue, zipo zenye matundu matatu lakini ndani waya ni mbili. Alafu ethi ya nyumba yenyewe, unakuta fimbo ipo ila waya wa shaba watu walishauuza skrepa. Hilo apime fundi mwenye leseni ya EWURA, na akuwekee breka ya kukata umeme ukivuja miliampia 30.

Vya kununua sio vingi. Kebo laini ya milimita 1 au 1.5 yenye alama ya TBS, na ile fyuzi ya 13 kwenye plagi toa weka ya 3 au 5. Viungio viwe vya kubana au konekta, sio kusokota na kuzungushia tepu nyeusi, joto la Dar linayeyusha gundi tepu inafunguka yenyewe. Taa ya juu usihangaike kutafuta choki ya volti 120, weka mkanda wa LED wa volti 12. Pawasaplai mpya angalia kile kiswichi cha 110/220 pembeni, huenda imekuja imewekwa 110: kipeleke 220 kama inakula umeme wa ukutani moja kwa moja, kiache 110 kama inalishwa na stepdauni.

Siku ya kuwasha, chomoa kwanza bodi ya geimu. Fundi redio aunge balbu ya uzi ya wati 100 mfululizo na laivu, ikimulika ikafifia sawa, ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo kuna shoti, chomoa. Ikipita, toa balbu, pima pale inapochomekwa bodi, mashine za mfumo wa JAMMA wa 1985 (ule wa Wajapani wa kuunganisha bodi na kabati kwa mpangilio mmoja) zinataka volti 5 na 12, baadhi na -5. Rudisha bodi plagi ikiwa nje, washa tena, ile 5 irekebishe isipite 5.1.