Dokta amekosea vipimo alivyokuandikia? Fanya hivi kabla hujameza dawa

Watu wengi wakigundua dokta kawaandikia kipimo kisicho chenyewe wanafanya moja kati ya mawili, ama wananyamaza wanasema yaishe, ama wanawasha moto pale mapokezi mpaka mlinzi anaitwa, na kote huko kipimo sahihi kinakuwa bado hakijafanyika na ugonjwa bado haujulikani. Siku hiyo kitu cha kwanza cha kupigania ni kipimo sahihi. Hela na malalamiko vitafuata. Na ukiwahi kulikamata kosa ndo linavyorekebishika kirahisi, kabla hujalipia ni suala la kurudi mlangoni tu, ukishalipia unaanza kuzungushwa madirishani, ukishameza dawa za ugonjwa usiokuwa nao hapo sasa ni habari nyingine kabisa.

Anzia chumbani kwa dokta. Siku hizi hospitali nyingi Tanzania dokta anaandika kwenye kompyuta, hupewi karatasi, unaambiwa nenda kalipie afu nenda maabara, yani unatoka mule ndani hujui hata umeandikiwa nini. Usikubali kutoka hivyo. Kabla hujainuka kwenye kiti muulize, "Samahani dokta, umeniandikia vipimo gani, na kila kimoja unatafuta nini?" Hilo swali si kiburi na wala humfundishi kazi. Mara nyingi akiwa anakusomea ndo anashtuka mwenyewe kwamba amebonyeza siyo, maana kwenye ile kompyuta majina ya vipimo yamepangana moja chini ya jingine na nje foleni imejaa, ni rahisi sana kidole kuangukia mstari wa juu.

Ukifika dirishani pa kulipia omba wakusomee majina ya vipimo kabla hawajatoa kontrol namba, au soma risiti kabla hujaondoka hapo. Herufi zenyewe si ngumu kuzizoea. FBP ni picha nzima ya damu, MRDT na BS vyote ni vya malaria, RBG ni sukari ya muda wowote na FBG ni sukari ya kabla hujala, LFT ni ini, kreatinini ni figo, TSH ni tezi ya shingoni, PSA ni tezi dume, UPT ni mimba. Ukijua hizo tu unaweza kuona kitu kisichoendana na wewe. Mwanamke ukikuta PSA kwenye risiti yako, au mwanaume ukikuta UPT, simama hapo hapo usiende maabara, kuna uwezekano hivyo ni vipimo vya mtu mwingine na vya kwako vimeingia kwenye faili lake.

Hili la faili kuchanganywa ndo linaloniogopesha kuliko yote. Majina yetu yanafanana mno, siku moja kwenye benchi moja wanaweza kuwepo kina Asha Juma watatu, na ukiita "Asha!" wanainuka wote. Kwa hiyo ukiitwa usiitike tu ukaingia, taja majina yako matatu na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili, na damu ikishatolewa angalia jina lililoandikwa kwenye tyubu kabla haijaondoka mezani. Kama damu hiyo ni ya kuangalia kundi kwa ajili ya kuongezewa damu, hapo uwe mkali kabisa, kuwekewa damu ya kundi lisiloendana na lako kunaweza kuua. Mwambie anayekutoa damu hata kama anaonekana ana haraka, "Kaka naomba nione jina kwanza."

Sasa umeshagundua kosa, unaenda kwa nani? Rudi kwa dokta aliyeandika. Usigombane na mtu wa maabara wala wa eksirei, wao hawana ruhusa ya kubadilisha oda ya dokta. Mama yangu mdogo aliandikiwa eksirei ya goti la kulia na linalomuuma ni la kushoto, yule kijana wa eksirei akamwambia mama mimi napiga kilichoandikwa, na kwa kweli alikuwa sahihi. Akarudi, akasubiri mgonjwa aliyekuwa ndani atoke, akasema, "Dokta mwanangu, umeandika goti hili, linaloniuma ni hili," huku analionyesha kwa mkono. Ikarekebishwa palepale na hakulipa tena kwa sababu picha ilikuwa bado haijapigwa. Huna haja ya kupanga foleni upya, mwambie nesi wa mlangoni, "Sista, nimetoka humu sasa hivi, kuna kipimo kimekosewa, naomba dakika moja." Na ukiingia usianze na neno umekosea. Sema ulikuja na tatizo gani, onyesha kilichoandikwa, uliza kama ndo chenyewe. Dokta akiona hashambuliwi anafungua faili haraka kuliko yule anayejitetea.

Kama damu imeshatolewa usikubali haraka haraka kuchomwa tena, uliza kwanza kama ile iliyopo inaweza kutumika. Tyubu ya kifuniko cha zambarau inayotumika kwa FBP ndo hiyo hiyo inayotumika kwa HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, hivyo dokta akisahau kuandika HbA1c maabara inaweza kukiongeza kwenye damu iliyopo kama bado wanayo. Figo, ini na TSH vinatoka kwenye tyubu nyingine, mara nyingi nyekundu au ya njano, na hivyo navyo vinaweza kuongezwa kwenye damu hiyo hiyo iliyopo. Ila sukari ya kawaida ni tofauti. Damu ikikaa kwenye tyubu isiyo na dawa ya kuzuia, chembe za damu zinaendelea kuila sukari na jibu linashuka saa hadi saa, kwa hiyo sukari ya damu iliyokaa mezani tangu asubuhi usiipokee, hapo kubali kuchomwa upya.

Kuna kosa jingine ambalo kipimo chenyewe ni sahihi lakini maandalizi hukuambiwa. FBG inataka uwe hujala angalau masaa 8, maji tu ruksa. Mtu amekunywa chai na chapati mbili, anapimwa, inakuja 8.2, imeandikwa FBG, dokta wa zamu nyingine anasoma anaona imepita 7.0 anamwambia una kisukari. Kumbe kwa mtu aliyekula mpaka ni 11.1 ikiwa na dalili zake. Na hata ikiwa kweli imezidi, kama huna dalili yoyote inatakiwa irudiwe siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa wa kisukari. Kwa hiyo ukiwa umekula sema pale pale maabara, "Mi nimekula," waandike au wakuambie uje kesho. Na kama una seli mundu au umeongezewa damu juzi juzi mkumbushe dokta anapokuandikia HbA1c, maana kwa watu hao inaweza kudanganya.

Halafu kuna haya ambayo tumeyazoea mpaka hatuyaiti makosa. La kwanza ni MRDT kurudiwa kwa mtu aliyemaliza dozi ya mseto wiki iliyopita. Kile kipimo kwa aina yake iliyozoeleka kinatafuta protini ya mdudu, na hiyo protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu mwenyewe kufa, wengine inapita mwezi. Kwa hiyo inaonyesha malaria tena, unapewa mseto tena, na homa inayokusumbua ni ya kitu kingine ambacho hakuna anayekitafuta. Ukiwa umetibiwa malaria karibuni mwambie dokta tarehe uliyomaliza dawa na uombe BS, ile ya kuangalia mdudu mwenyewe kwenye darubini.

La pili ni Widal, kile kipimo cha taifodi. Mtu ana homa, anaandikiwa malaria na taifodi kwa pamoja, Widal inarudi ina namba fulani, anaondoka na sindano na vidonge vya wiki nzima. Widal haimtafuti mdudu wa taifodi, inatafuta askari wa mwili waliowahi kupambana naye au na wadudu wanaofanana naye, na wale askari wanaweza kuwepo tangu taifodi ya zamani. Widal moja peke yake haitoshi kusema una taifodi leo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yani damu inawekwa maabara kuona kama mdudu ataota, kinachukua siku kadhaa na si kila hospitali wanacho, lakini angalau uliza, "Dokta, hii inaweza kuwa ya zamani? Kuotesha damu inawezekana hapa?" Inaniuma kuona watu wanatibiwa taifodi kila baada ya miezi miwili mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo.

Hapo kwenye kuotesha, iwe damu au mkojo, sampuli inatakiwa itoke kabla hujaanza antibaiotiki. Dokta akisahau kuandika na ukagundua dawa unazo mkononi, rudi umuulize kabla ya kidonge cha kwanza, ukishameza wadudu wanaweza wasiote na jibu likaja safi wakati bado unaumwa. Ila mgonjwa akiwa na hali mbaya, amezidiwa, anapumua kwa shida, ni mtoto amelegea, usizuie dawa kwa ajili ya kipimo, mwambie dokta na umwachie aamue.

Kwenye picha mambo ni machache lakini ni ya kusema kwa sauti. Dada kama kuna uwezekano wa mimba sema kabla ya eksirei au CT skeni, na uliza kama utrasaundi inaweza kutosha, hiyo haina mionzi, na MRI pia haina. Ukiandikiwa CT ya kuchomwa dawa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri, na una shida ya figo au uliwahi kupata mzio wa dawa hiyo, sema kabla hujalala kwenye mashine, na uliza kama kreatinini imeangaliwa.

Tuje kwenye hela. Kipimo ambacho bado hakijafanyika omba oda ifutwe na uandikiwe sahihi, kama umeshalipa omba ile hela ihamishiwe kwenye kipimo kipya badala ya kudai urudishiwe mkononi, maana hospitali ya serikali ukishalipa kwa kontrol namba kurudishiwa ni safari ndefu ya barua. Kama kipimo kimeshafanyika na kosa ni lao, nenda dawati la huduma kwa wateja au kwa mhasibu na maelezo ya dokta kwamba kiliandikwa kimakosa, bila hayo maelezo watakuambia huduma umeshaipata. Mwenye bima angalia pia ugonjwa ulioandikwa kwenye fomu, kipimo kisipoendana na ugonjwa bima inaweza kukataa kukilipia, na anayeweza kurekebisha ni dokta peke yake. Na usisaini vipimo ambavyo hukufanyiwa hata ukibembelezwa, huo ni udanganyifu na jina lililopo pale ni lako.

Majibu yakitoka, hakikisha kuna dokta ameyasoma mbele yako. Aliyeandika anaweza kuwa ameshatoka zamu, na anayepokea hajui kwa nini kipimo kiliombwa, hapo mweleze tatizo lako tangu mwanzo kama hujawahi kufika. Omba nakala au piga picha kwa simu. Taarifa zile ni zako, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, zote zinakupa haki ya kuzipata taarifa zinazokuhusu. Wakikuambia faili halitoki nje ya hospitali sawa, waambie faili sihitaji, nahitaji nakala ya majibu.

Kama dokta amegoma kabisa kurekebisha, omba kuonana na dokta mwingine siku hiyo hiyo, ikishindikana nenda kwa mganga mfawidhi, yule anayesimamia hospitali nzima. Na kama kosa limekuletea madhara, umepewa dawa zisizo zako, umechelewa kutibiwa, umepasuliwa pasipotakiwa, hapo usiishie kwenye sanduku la maoni. Andika barua kwa mganga mfawidhi ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ukinyamaziwa peleka kwa mganga mkuu wa wilaya, na suala la mwenendo wa dokta mwenyewe linapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa Kenya ni KMPDC. Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe, namba ya faili, ulikuja na tatizo gani, kiliandikwa kipimo gani, kilitakiwa kipi, nini kilitokea baada ya hapo, na unataka nini, iwe ni kipimo sahihi bila malipo, hela yako, au maelezo ya maandishi. Ambatisha risiti na majibu, nakala tu, zile zenyewe usimwachie mtu.